Jinsi bakteria wa ndani ya mbu anavyokizuia kirusi cha dengi kuzaliana

Mlipuko wa homa ya dengi wa mwaka 2019 uliielemea zaidi Dar es Salaam, lakini Tanga nayo haikusalimika. Mgonjwa wa dengi mara nyingi hufika zahanati akiamini kuwa ana malaria, kipimo cha haraka kikaonyesha kuwa hana, na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho yakaendelea kwa siku kadhaa huku mhudumu akiwa hana cha kumpa zaidi ya parasetamoli, maji mengi na onyo la kutotumia aspirini. Kwa kuwa hakuna dawa mahsusi ya kukiua kirusi hicho mwilini, mzigo wote wa kujikinga umeangukia kwa mbu: tunahimizwa kumwaga maji yaliyotuama, kufunika mapipa na kupuliza dawa. Hata hivyo, katika miaka isiyozidi 20 iliyopita imejitokeza njia nyingine ambayo haikusudii kumuua mbu hata kidogo. Mbu huachwa aishi, atage, amuume mtu na anywe damu yake, ila kirusi kikiingia ndani yake kinashindwa kuzaliana. Anayekizuia ni bakteria aishiye ndani ya seli za mbu huyo. Nimeona haja ya kulieleza jambo hili kwa kina kwa sababu wengi wanaolizungumzia, wanaolisifu na wanaoliogopa, huanza na dhana kwamba bakteria huyo hutoa sumu inayoua virusi, na dhana hiyo huwapeleka pabaya katika kila hitimisho linalofuata.

Mbu, na safari ya kirusi ndani yake

Mbu anayehusika anaitwa Aedes aegypti. Mkazi wa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga mjini, anamfahamu hata kama hajawahi kulisikia jina lake: ni mweusi, miguu yake ina pete nyeupe, mgongoni ana michoro myeupe, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na hupenda vifundo vya miguu vya mtu aliyetulia barazani. Tofauti na mbu wa usiku, hapendi maji machafu ya mtaroni. Hutaga ndani ya vyombo vyenye maji yaliyotulia: pipa, tangi lisilo na mfuniko, ndoo iliyosahaulika, kifuu cha nazi, tairi lililotupwa nje ya gereji. Ukilimulika tairi la namna hiyo kwa tochi ya simu siku chache baada ya mvua, utaona viluwiluwi vikining'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili kuvuta hewa, na kivuli chako kikivipitia vitajikunja vyote kwa pamoja na kuzama. Mayai yenyewe ni meusi, hubandikwa kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande.

Kwa kawaida mbu huyu hazaliwi na dengi. Jike hukimeza kirusi pamoja na damu ya mgonjwa. Kirusi hicho hulazimika kwanza kupenya seli za ukuta wa tumbo la mbu na kuzaliana humo, kisha kutoka, kusambaa mwilini mwake hadi kwenye tezi za mate, kuzaliana tena huko, na ndipo kiweze kutoka na mate wakati mbu anapomuuma mtu mwingine. Safari nzima huchukua takriban siku 8 hadi 12, ikitegemea joto. Mbu wengi huku nje hawaishi zaidi ya wiki chache, kwa hiyo hata kama kirusi hakikuzuiwa kabisa bali kimecheleweshwa tu, mara nyingi mbu hufa kabla hajawa na uwezo wa kuambukiza. Hili ni muhimu, kwa sababu kuzuia kunakozungumzwa hapa huwa ni kupunguza na kuchelewesha zaidi kuliko kufuta.

Tukiingia ndani ya seli moja, mambo huwa hivi. Kirusi cha dengi hakina mitambo yake yenyewe. Kina uzi mmoja wa RNA, yaani kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, wenye herufi takriban 11,000, na uzi huo husomwa moja kwa moja na ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, kana kwamba ni maelekezo ya seli yenyewe. Usomaji huo hutoa mnyororo mmoja mrefu wa protini, ambao hukatwa kuwa protini 10: tatu za kujengea umbo la kirusi na saba za kuendesha kazi. Protini hizo za kazi huushika utando wa ndani wa seli unaoitwa retikulamu ya endoplazimu, huukunja na kuutengenezea vifuko vidogo vidogo, na ni ndani ya vifuko hivyo ndimo nakala mpya za RNA zinamoandikwa. Kwa maneno mengine, kirusi hiki hakizaliani popote tu ndani ya seli. Kinahitaji utando, na utando hujengwa kwa mafuta, yakiwamo kolesteroli. Wadudu hawana uwezo wa kuitengeneza kolesteroli wenyewe na huipata katika chakula tu, hivyo ni kitu adimu kwao tangu mwanzo. Msomaji akiyashika mambo hayo mawili, kwamba kirusi kinahitaji utando na kwamba kolesteroli ya mdudu ina kikomo, sehemu kubwa ya yanayofuata itamfungukia.

Bakteria mwenyewe

Jina lake ni Wolbachia. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1924, pale Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walipokuwa wakichunguza mbu wa jamii ya Culex, na mwaka 1936 Hertig akampa jina rasmi. Anaishi ndani ya seli tu, haoti katika sahani za maabara kama bakteria wengine, na hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai. Makadirio ya wataalamu hutofautiana, lakini mengi huweka idadi ya aina za wadudu walio naye kati ya asilimia 40 na 60 hivi. Mbu wa vyooni na mitaroni anayetuimbia masikioni usiku, Culex quinquefasciatus, anaye kwa asili, na vile vinzi vidogo vinavyozunguka maembe yaliyoiva sokoni mara nyingi vinaye pia. Watu wa Tanga, basi, wamekuwa wakiumwa na mbu wenye Wolbachia tangu zamani, na bakteria huyo hana uwezo wa kuishi mwilini mwa binadamu. Aliyekuwa hana Wolbachia kwa asili ni Aedes aegypti, yaani yule yule anayetuletea dengi.

Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti, moja la Australia na jingine lililomhusisha Luis Teixeira na Michael Ashburner wa Cambridge, yalitangaza jambo lililofanana bila kushirikiana. Vinzi vya matunda vyenye Wolbachia vilipoambukizwa kirusi cha RNA kinachoviua, vilidumu muda mrefu zaidi kuliko ndugu zao ambao bakteria wao walikuwa wameondolewa kwa dawa ya tetrasaiklini. Vilipoambukizwa kirusi cha DNA, kinga hiyo haikuonekana. Tofauti hiyo ilikuwa dalili ya mapema kwamba kinachotokea hakihusu virusi vyote kwa ujumla bali namna fulani ya kuzaliana.

Kumhamishia Wolbachia ndani ya Aedes aegypti ilikuwa kazi ya subira kubwa, kwani yai la mbu hudungwa kwa sindano nyembamba kuliko unywele ndani ya muda mfupi kabla ganda halijakomaa, na mengi hufa. Zhiyong Xi na wenzake walifanikiwa mwaka 2005 kwa kutumia Wolbachia wa mbu mwingine, nasaba (yaani aina ndogo ya bakteria huyo) iitwayo wAlbB. Mwaka 2009 kundi la Scott O'Neill nchini Australia lilionyesha kwamba mbu waliopewa nasaba ya vinzi vya matunda iitwayo wMelPop walikuwa wagumu kwa kirusi cha dengi na pia kwa kile cha chikungunya, ugonjwa ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko huko kwetu, kusini mwa Tanganyika.

Kuzuia kunatokea wapi, na kwa njia gani

Swali la kwanza ni la mahali. Je, kirusi huzuiwa mlangoni, kisiingie kabisa katika seli, au huzuiwa baada ya kuingia? Majaribio mengi yanaelekeza kwenye jibu la pili. Kirusi hujishikiza kwenye seli yenye Wolbachia na kuingia karibu kama kawaida, kisha uandishi wa nakala za RNA hudorora tangu saa za mwanzo, na sehemu ya RNA iliyoingia huvunjwa na vimeng'enya vya seli kabla haijapata nafasi ya kuzidishwa. Picha za darubini za mwaka 2009 zilionyesha jambo hili vizuri: bakteria walipakwa rangi moja na kirusi cha dengi rangi nyingine, na katika tishu za mbu ambamo bakteria hawakujaa kila seli, rangi hizo mbili zilikaa katika seli tofauti. Kinga hiyo, basi, ni ya seli kwa seli. Hili peke yake linatosha kuibomoa dhana ya sumu, kwa sababu sumu inayosambaa mwilini ingelinda seli jirani pia.

Swali la pili, la njia, lina majibu kadhaa, na ninaamini ni kosa kulazimisha jibu moja. Jibu lililo na ushahidi wa kuvutia zaidi ni la kugombea mahitaji. Wolbachia ana vinasaba vichache, takriban herufi milioni 1.27 kwa nasaba ya wMel, nayo ya vinzi vya matunda, na amepoteza uwezo wa kujitengenezea vitu vingi anavyovihitaji. Hujizungushia utando uliotoka kwa seli yenyewe, huchukua kolesteroli na asidi za amino, na huibadilisha retikulamu ya endoplazimu ili imfae. Hali hii inafanana na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo mpangaji aliyetangulia amekwisha kutandaza vyombo vyake jikoni, uani na ukumbini: anayefika baadaye hakufukuzwa na mtu, mlango ulikuwa wazi, ila hana mahali pa kuweka jiko. Majaribio yanaunga mkono picha hiyo. Vinzi vya matunda vilipoongezewa kolesteroli katika chakula, kinga iliyoletwa na Wolbachia ilipungua. Katika seli za mbu zilizooteshwa maabara, watafiti walipotumia kemikali inayofungua msongamano wa kolesteroli ndani ya seli, kirusi cha dengi kilirudi kuzaliana ingawa bakteria walikuwa bado wamo.

Jibu lingine ni la kinga ya mbu mwenyewe. Kuwapo kwa Wolbachia katika mwili usiomzoea huongeza kemikali kali za oksijeni ndani ya seli, kemikali hizo huamsha njia ya kinga iitwayo Toll, na njia hiyo huzalisha protini za kupambana na vijidudu, kama defensini na sekropini. Mbu huwa kama ameamshwa kabla ya adui kufika. Maelezo haya yalipendwa sana mwanzoni, nami nadhani yalipendwa kupita kiasi, kwa sababu vinzi vya matunda vilivyoharibiwa njia ya Toll kwa makusudi viliendelea kulindwa na Wolbachia dhidi ya virusi, na wadudu waliozoeana na bakteria huyu kwa vizazi vingi hawaonyeshi msisimko mkubwa wa kinga huku virusi vikiendelea kuzuiwa. Vivyo hivyo kwa mfumo wa wadudu wa kukata RNA ngeni: ukiuondoa, kinga ya Wolbachia haiondoki. Kwa hiyo kuamka kwa kinga ni nyongeza inayosaidia, hasa kwa mbu aliyepewa bakteria karibuni, lakini si nguzo.

Kilicho thabiti katika karibu kila jaribio ni wingi. Nasaba inayojaa kwa wingi katika seli huzuia kwa nguvu, inayokaa kwa uchache huzuia kidogo au haizuii. Ndiyo sababu Aedes albopictus, mbu ambaye ana Wolbachia kwa asili, bado anaambukiza dengi na chikungunya. Wingi huo una gharama, kwani wMelPop, iliyozuia virusi kwa ukali kuliko nyingine, ilifupisha maisha ya mbu kwa karibu nusu na kupunguza uhai wa mayai, hata ilipopelekwa nje ya maabara haikudumu. Iliyochukuliwa badala yake ni wMel, iliyo na wingi wa wastani: inazuia vya kutosha na haimuumizi mbu sana. Kuchagua nasaba ni kupima mambo hayo mawili, na hakuna namna ya kulikwepa.

Mahali ambapo bakteria hawazuii

Neno bakteria wenza, linalotumiwa kwa bakteria wanaoishi ndani ya mdudu, lisituzoeshe kudhani kuwa kila bakteria wa mbu ni msaada. Serratia marcescens, anayeishi tumboni mwa mbu, hutoa protini inayomeng'enya ute unaolinda ukuta wa tumbo, na kwa kufanya hivyo humfungulia njia kirusi cha dengi. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 watafiti wa China walieleza kuhusu bakteria wa jamii ya Rosenbergiella, anayetokana na nekta ya maua ya mkoa wa Yunnan, ambaye hutoa kimeng'enya kinachoifanya tumbo la mbu kuwa na asidi, na asidi hiyo hukiharibu kirusi kabla hakijaingia katika seli yoyote. Hiyo ni njia tofauti kabisa na ya Wolbachia, kwani inafanyika nje ya seli, na yafaa zisichanganywe.

Wolbachia naye ana mipaka yake. Virusi anavyovizuia vizuri, yaani dengi, Zika, homa ya manjano na chikungunya, vyote vina RNA inayosomwa moja kwa moja na ribosomu. Virusi ambavyo RNA yake ni lazima igeuzwe kwanza kabla ya kusomwa havikuonyesha kuzuiwa kwa namna hiyo, na miongoni mwake ni kile cha homa ya Bonde la Ufa, ambacho wafugaji wa Tanzania wanakikumbuka kwa mlipuko wa 2006 na 2007. Katika jaribio moja la mbu Culex tarsalis, Wolbachia alionekana hata kukiongezea nguvu kirusi cha West Nile. Mtu anayeahidi kwamba njia hii itamaliza magonjwa yote ya mbu anaahidi kisichokuwapo.

Hapa Tanga tuna sababu ya pekee ya kumfahamu Wolbachia, ingawa haihusu virusi. Minyoo inayosababisha matende na mabusha, Wuchereria bancrofti, nayo ina Wolbachia wa nasaba nyingine ndani yake, na wao ni wenza wa kweli: mnyoo hauwezi kuzaa wala kuishi muda mrefu bila bakteria huyo. Katika kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani, watu 72 wenye maambukizi waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 200 kila siku kwa wiki 8 na jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14, kipimo cha ultrasaundi kiliona minyoo hai kwa watu 6 kati ya 27 waliopimwa katika kundi la dawa, dhidi ya 24 kati ya 27 katika kundi la pili. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yaliithibitishia dunia kwamba mnyoo uliokomaa unaweza kuuawa kwa kuuawa bakteria wake. Dawa yenyewe haikuweza kugawiwa kwa umma kama vidonge vya kila mwaka, kwa kuwa wiki 8 ni nyingi na doksisaiklini haipewi wajawazito wala watoto wadogo, lakini wanaosoma kwa undani habari za tiba hiyo hukutana na jina la Kimang'a, na inafaa watu wa Pangani walijue hilo.

Jinsi bakteria anavyoenea mwenyewe

Kuzuia virusi ndani ya mbu mmoja wa maabara kusingekuwa na faida kubwa kama bakteria huyo asingekuwa na njia ya kuenea katika mbu wa mji mzima. Njia anayo. Dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia akipandwa na dume yeyote, mwenye bakteria au asiye naye, mayai yake huanguliwa na watoto humrithi bakteria kutoka kwa mama. Kila kizazi, basi, majike wasio na bakteria hupoteza sehemu ya uzao wao na wenye bakteria hawapotezi kitu. Idadi yao ikishavuka kiwango fulani, huongezeka wenyewe hadi karibu mbu wote wa eneo wawe nao. Jeni mbili zinazosababisha utasa huo, cifA na cifB, zilitambuliwa mwaka 2017.

Kutokana na tabia hiyo kuna mipango miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza ni kuachilia madume tu ili majike wa porini watage mayai yasiyoanguliwa na mbu wapungue. Wazo hilo si geni Tanga, kwa maana mbung'o walioachiliwa kutoka kwenye ndege juu ya Unguja kati ya 1994 na 1997 walizalishwa katika kituo cha hapa hapa Tanga. Madume yao yalifanywa tasa kwa mionzi badala ya bakteria, na mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani humo alinaswa mwaka 1996. Mpango wa pili ni kuachilia majike na madume pamoja, ambapo mbu hawapungui, bali wanabadilishwa na wengine wasioweza kukibeba kirusi vizuri. Ni mpango huu wa pili uliotumika Yorkeys Knob na Gordonvale, vitongoji vya Cairns huko Australia, kuanzia Januari 2011, na ndani ya miezi michache mbu karibu wote wa hapo walikuwa na wMel.

Jaribio kubwa la mpango huu lilifanyika Yogyakarta, Indonesia. Mji uligawanywa katika maeneo 24, na 12 kati yake, yaliyochaguliwa kwa kura, yakapewa mbu wenye wMel. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa dengi ilipungua kwa asilimia 77 katika maeneo hayo, na wagonjwa wa kulazwa hospitali kwa asilimia 86. Ikumbukwe kwamba watu walikuwa wakitembea kutoka eneo moja hadi jingine na kuumwa huko, kwa hiyo tofauti hiyo ilipatikana licha ya mchanganyiko.

Yanayoihusu Tanga

Jambo la kwanza ni joto. Wolbachia wa nasaba ya wMel hupungua sana pale viluwiluwi wanapokulia katika maji yanayopanda hadi nyuzi 37 mchana, na bakteria wakipungua, kuzuia virusi kunapungua na urithi kwenda kwa watoto unalegea. Huko Cairns, wimbi la joto la mwaka 2018 lililovuka nyuzi 42 liliwapunguza bakteria kwa muda kabla hawajarejea. Hapa kwetu, kati ya Januari na Machi, hewa ya mchana huwa nyuzi 32 hadi 33, lakini maji kidogo ndani ya tairi jeusi lililoachwa juani huwa na joto lake lenyewe, kubwa kuliko la hewa. wAlbB hustahimili joto zaidi, na ndiyo iliyochaguliwa kwa ajili ya Kuala Lumpur. Ipo pia wAu, inayostahimili joto na kuzuia virusi kwa nguvu, ila haisababishi ule utasa, hivyo haina njia ya kujieneza. Kwa maoni yangu, mji kama wetu usianze kwa kuuliza nasaba ipi imesifiwa zaidi. Uanze kwa kupima joto la maji ya vyombo ambamo mbu wake hukulia kweli.

Jambo la pili ni mbu wenyewe. Afrika ni nyumbani kwa Aedes aegypti, na pwani hii ina namna mbili zake: yule wa msituni, anayetaga katika mashimo ya miti na kupendelea wanyama, na yule wa majumbani anayempenda binadamu. Rabai, karibu na Mombasa, watafiti wamewachunguza wote wawili wakiishi jirani tangu miaka ya 1970. Australia haikuwa na mchanganyiko huo.

La tatu ni dawa za kupuliza, na hapa funzo limetoka Rio de Janeiro. Mbu wenye wMel walioachiliwa mara ya kwanza katika kitongoji cha Tubiacanga walikuwa hawana usugu dhidi ya viuatilifu vya pairethroidi, ilhali mbu wa mtaani walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa sababu wakazi hupuliza dawa za makopo majumbani. Dawa hizo zikawaua wageni na kuwaacha wenyeji, na bakteria wakatoweka. Waliporudi na mbu ambao walikuwa wamezalishwa upya mpaka wakawa na usugu wa mtaani, bakteria walishika. Kopo la dawa ya mbu lipo katika kila duka la Chumbageni, kwa hiyo hali hiyo ingetukuta vile vile. Mbu wa kuachiliwa Tanga hawezi kuagizwa akiwa tayari kutoka nchi nyingine. Ni lazima mayai ya mbu wa hapa yakusanywe mtaa kwa mtaa, madume yatakayotoka humo yapandishwe kwa majike wenye bakteria, na watoto wao wa kike wapandishwe tena kwa madume wa hapa, kizazi baada ya kizazi, hadi karibu kila kitu katika mbu huyo kiwe cha Tanga isipokuwa Wolbachia. Mpangilio wa kinyume, dume mwenye bakteria kwa jike wa mtaani, usingetoa hata kiluwiluwi kimoja.